Maji ya Jumatatu Jioni

Neno nililoliandika kwenye daftari lake lilikuwa moja tu, kwa kalamu nyekundu: Umebuni. Sikuongeza hata "jaribu tena", ambalo huwaandikia watoto hata pale ninapojua kwamba hawatajaribu. Nililiandika haraka, nimesimama, huku darasa zima likinitazama, na nakumbuka kwamba wakati ule nilijihisi mwalimu mzuri.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kazi, kwenye skuli ya msingi isiyo mbali na Shumba, na nimepanga chumba Konde. Nilirudi Pemba na shahada kutoka Dar es Salaam na tabia niliyokwenda nayo, ya kutokubali jambo mpaka nijue limetoka wapi. Mama husema nilianza mapema. Nikiambiwa kula na mkono wa kushoto ni vibaya, nilikuwa nauliza vibaya kwa nani. Chuo kikuu hakikuniponya. Kilinipa tu maneno marefu zaidi ya kuulizia.

Basi vilipokuja vishikwambi sikuvipokea kwa furaha kama wenzangu. Tuliitwa semina Wete tukafundishwe namna ya kufundisha sayansi kwa ugunduzi. Mkufunzi alituambia kwamba mwanafunzi asipewe jibu, aachwe agundue mwenyewe, kisha akatusomea majibu yote kutoka ukutani, slaidi baada ya slaidi, mpaka adhuhuri. Nikanyoosha mkono nikamuuliza sisi hapa tutagundua nini. Watu wakacheka, na yeye, kwa upole, akatangaza kwamba sasa ni wakati wa chai.

Tulipata vishikwambi kumi. Mwalimu mkuu aliviweka kwenye kabati ofisini kwake, kila kimoja amekifunga ndani ya kipande cha kanga kuukuu ambacho mkewe alikikata maalumu kwa kazi hiyo. Ufunguo aliuvaa shingoni. Nilimcheka moyoni siku ile, lakini vumbi la kiangazi lilipofika, skuli nyingine zikaanza kulalamika na vyetu vikawa bado vinang'aa.

Darasa langu lilikuwa la tano, mkondo wa mchana. Siku ya somo la mwezi na bahari tulikaa wanne wanne kwa kila kishikwambi, tukaangalia picha inayotembea. Mwezi ulizunguka, bahari ya buluu ikavimba upande mmoja, ikavimba upande wa pili, na sauti ya mwanamume ikaeleza kwamba mwezi unavuta maji. Watoto walipenda. Waliirudia mara nne. Kisha mtoto mmoja wa kike aliyekaa karibu na dirisha, mdogo kuliko wenzake, mwenye mazoea ya kutafuna ncha ya mtandio wake, akauliza kama mwezi unavuta maji ya bahari, kwa nini hauvuti ya kisimani kwao.

Kishikwambi hakikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nalo kidogo, lakini lilikuwa la kitabuni, na niliona aibu kulitoa mbele ya swali zuri kama lile. Nikamwambia tutalitafuta. Nilirudi Konde nina furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nianze kazi.

Kwenye darasa lile walikuwamo watoto sita wanaokaa kando ya hori, mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu, nyumba zao zimeyapa mgongo mashamba na zinatazama mikandaa, ile mikoko ya pwani. Nikawapa kazi. Kila mmoja akate ufito, autie alama, ausimamishe pahali maji yanapofika, na kwa siku sita aandike ni saa ngapi maji yamejaa kabisa, ya asubuhi na ya jioni. Tutaanza Jumamosi jioni, bamvua, yale maji makubwa ya bahari, likiwa limepamba moto, tumalize Ijumaa asubuhi. Vishikwambi havikutoka. Mwalimu mkuu alisema kikilowa kimoja atakayeanikwa ni mimi. Kwa hiyo wangeandika kwenye madaftari: siku, asubuhi au jioni, saa. Wakirudi skuli tutaingiza tarakimu, na kishikwambi kitatuchorea grafu.

Nilijitahidi nisipatikane na kosa. Mwalimu mmoja wa skuli nyingine alikuwa ameniambia jinsi grafu yake ya joto ilivyoonyesha jua kali la mchana saa mbili za asubuhi, kwa sababu watoto waliandika saa nane ya kwetu na mashine ikaisoma saa nane ya kizungu. Mimi nilishalifikiria hilo. Nikawaambia waandike saa kama tunavyohesabu nyumbani, na nikapanga kishikwambi kiongeze saa sita chenyewe. Nikajiona nimeshawaza kila kitu.

Jumatatu iliyofuata tukaingiza. Maji huchelewa. Kila yanapojaa hukawia kiasi cha dakika ishirini na tano kuliko mara iliyotangulia, kwa hiyo nukta za grafu zinatakiwa zipande ngazi kwa ngazi bila kurudi. Za watoto watano zilipanda hivyo hasa. Zilipanda vizuri hata zikalaliana, nukta juu ya nukta, na nilipozilinganisha na jedwali la maji lililokuwamo ndani ya kishikwambi zilikubaliana nalo dakika kwa dakika. Niliwapigia makofi.

Za wa sita, yule mtoto wa dirishani, zilipanda mpaka Jumatatu asubuhi. Jumatatu jioni palikuwa patupu, hapana kitu. Kisha kuanzia Jumanne nukta zikawa meno ya msumeno: asubuhi juu, jioni chini, asubuhi juu, jioni chini. Jumanne asubuhi maji yake yalijaa karibu na saa moja, na Jumanne jioni yakajaa saa kumi na mbili na nusu na kitu. Yaani badala ya kuchelewa yaliwahi. Tena Ijumaa, siku tuliyomaliza asubuhi, yeye alikuwa na maji ya jioni.

Nikamwita mbele. Nikamuuliza maji haya aliyaona. Akasema, "Niliyaona, Mwalimu." Nikamuuliza Jumatatu jioni alikuwa wapi. Akasema alikuwa pwani. Mbona hapana kitu? Akaangalia kile kioo muda mrefu, kisha akasema hajui, lakini maji aliyaona. Nikamwambia bahari hairudi nyuma. Nikamwambia, kwa sauti ile ambayo sasa nikiikumbuka natamani kuziba masikio, kwamba tarakimu ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na tarakimu.

Nyuma ikatoka sauti ya mmoja wa wale watano: "Maji ya kwao yamesahau kitu, yamerudi kuchukua."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Na mimi nikacheka. Si sana, lakini yeye alikuwa karibu yangu na alisikia. Ndipo nikachukua kalamu.

Kesho yake alikuja skuli. Aliamkia, akakaa, akaandika kila nilichosema. Lakini aliomba kuhamia benchi la nyuma, akasema upepo wa dirishani unamuumiza, na tulipofungua vile vipande vya kanga akajisogeza mpaka akawa haoni kioo. Siku mbili nilisubiri mkono wake. Niliuliza maswali ambayo kwa mtoto yule yalikuwa chambo. Hakunyoosha. Mwenzake akaniambia, bila kuulizwa, kwamba huyu amesema sayansi hataki tena, atakuwa anasikiliza tu.

Hilo lilinikaa kifuani. Nimesoma na watu wengi wasiopenda kuuliza, na sikumbuki hata mmoja aliyezaliwa hivyo. Kila mmoja alikuwa na mwalimu wake. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mwalimu wa mtu naweza kuwa mimi.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonikera, la kichwani zaidi. Anayebuni hubuni vizuri. Mimi mwenyewe chuoni nilishawahi kubuni majibu ya maabara, Mungu anisamehe, na nilihakikisha yamenyooka. Mtoto mwongo angeziba lile pengo la Jumatatu kabla ya kitu kingine chochote. Huyu aliliacha wazi, kama mtu asiyejua kwamba lipo.

Alhamisi, magharibi imeshaingia na mwenye nyumba wangu anawasha taa ya barazani, Mama akanipigia simu kutoka Wete. Hupiga kila Alhamisi saa hiyo, kwa maneno yale yale. "Usisahau, mwanangu, leo usiku wa Ijumaa. Msomee baba yako Yasini."

Nikamwambia sisahau. Nikakata simu, nikachukua udhu, nikakaa kwenye mkeka, nikafungua msahafu. Nilisoma aya chache, kisha nikaacha kidole kwenye mstari.

Leo ni Alhamisi, na Mama amesema usiku wa Ijumaa, na mimi nimemwelewa. Maisha yangu yote nimemwelewa. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kunifafanulia kwamba jua likishachwa, siku imekwisha na usiku unaokuja ni wa siku inayofuata. Ramadhani huingia kwa mwezi wa magharibi, na tarawehe tunaswali kabla hatujafunga hata siku moja. Yote hayo niliyajua. Ila niliyajua nyumbani. Skuli nilikuwa nikiingia na kichwa kingine.

Nilimaliza Yasini ya marehemu baba kwanza, kwa haraka kidogo, naye alikuwa mtu wa kucheka, naamini alinielewa. Kisha nikachukua karatasi niliyonakili tarakimu za yule mtoto. Jua letu siku zile lilikuwa likichwa kiasi cha saa kumi na mbili na robo. Maji ya Jumamosi na Jumapili yalijaa kabla ya jua kuchwa, na aliyaandika Jumamosi na Jumapili. Maji ya Jumatatu yalijaa baada ya magharibi. Kwake ile haikuwa Jumatatu tena. Aliyaandika Jumanne. Na kila jioni iliyofuata akafanya vivyo hivyo, kwa uaminifu, mpaka maji ya Alhamisi usiku yakaitwa ya Ijumaa.

Nikazirudisha nukta za jioni, kuanzia ya Jumanne, nyuma siku moja moja. Pengo likajifunga. Meno ya msumeno yakalala. Ngazi ikapanda moja kwa moja kutoka Jumamosi mpaka Ijumaa, na mimi nimekaa kwenye mkeka na penseli mkononi, nikilia kama mjinga.

Lakini ngazi yake haikulingana sawasawa na ya jedwali. Ilikuwa juu kidogo, kila mara, kama dakika kumi na mbili, kumi na tatu. Nikaangalia na kuangalia. Jedwali lile ni la bandarini. Wao wako ndani ya hori, na maji lazima yapenye mikandaa kwanza ndipo yafike. Bila shaka yangechelewa. Basi wale watano, ambao fito zao ziko sehemu tano mbalimbali za hori lile lile, waliwezaje kupata dakika za bandarini?

Hilo niliamua lisubiri. Jumamosi asubuhi nikaenda nyumbani kwa yule mtoto.

Nilijua anakaa na bibi yake, mama yake akiwa kazini Unguja. Nikamkuta bibi uani, anaponda makumbi ya nazi kwa rungu fupi, yale aliyoyafukua pwani baada ya kukaa miezi kwenye tope, na harufu yake unaijua kama umeishi karibu nayo. Mtoto alikuwa pembeni anachambua nyuzi. Nikapiga hodi, nikatoa salamu, nikampa bibi shikamoo yake. Akaitikia, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Weye ndiwe mwalimu wa maji," akasema. "Nami ndimi niliyekuwa nikimwamsha alfajiri. Huyu ana usingizi wa pono, umjue."

Nikakaribishwa kigoda. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwamba nikifika tu nitaomba radhi, mbele ya mkubwa wake, kama inavyotakiwa. Nikafungua mdomo. Bibi akaniwahi.

"Wino wako mwekundu nimeuona. Miye sisomi, lakini kanisomea. Kanambia mwalimu kaandika, umejitahidi."

Nikamtazama mtoto. Yeye alikuwa akitazama makumbi, na vidole vyake vimesimama. Hapo nikaelewa kwamba radhi yangu, nikiitoa pale, itakuwa yangu mimi tu, ya kunipunguzia mzigo, na yeye itamwacha mwongo mbele ya mtu pekee aliyekuwa anamkinga.

"Amejitahidi kweli, Bi Mkubwa," nikasema. "Kuliko mimi."

Vidole vikaanza tena kuchambua. Nikamuuliza bibi jinsi wanavyohesabu siku pale nyumbani. Akaniuliza kwani sisi skuli twaihesabu vipi. Nikamwambia kwamba kwa hesabu ya skuli siku mpya huanza saa sita za usiku.

Rungu likatua. "Saa sita za usiku? Na nani yu macho aione?"

"Hakuna, Bi Mkubwa. Ni saa tu."

"Basi siku yenu huanza nyiye hampo," akasema, akaokota kumbi jingine. "Yetu siye twaiona."

Nimewahi kukaa kwenye mihadhara ya falsafa ya sayansi na sikumbuki sentensi iliyonishinda kama ile. Nikacheka, naye akacheka, bila kujua hasa kwa nini nacheka sana hivyo. Kisha nikaomba mjukuu wake anionyeshe pahali alipokuwa akipimia.

Tulitembea mpaka mikandaa ilipotuficha na uani. Maji yalikuwa yametoka, tope linang'aa, kaa wadogo wanakimbilia mashimoni. Nikamwambia nimekuja kumuomba radhi. Nikamweleza nilichokiona kwenye tarakimu zake, siku moja moja, nikichora kwa kijiti kwenye mchanga. Nikamwambia kwamba hakubuni, kwamba alikuwa sahihi, kwamba aliyekosea ni mimi.

Alisikiliza akitafuna mtandio. Nilipomaliza akasema, taratibu, bila hasira yoyote, "Mbona hukuniuliza?"

Nikamwambia nilimuuliza.

"Uliuliza nilikuwa wapi. Hukuuliza Jumatatu ni lini."

Nikamwambia tena nisamehe. Akaitikia kwa kichwa, kichwa cha mtoto aliyefundishwa adabu, ambacho hakisemi kama amesamehe au amesikia tu. Nikamuuliza kama atapima tena, maana bamvua jingine ndilo hili linaingia. Akasema ufito aliung'oa, na bibi keshautia motoni kupikia uji.

Jumatatu mchana nikasimama mbele ya darasa. Niliwaambia kwamba wiki iliyopita niliwafundisha kosa, nikawaonyesha grafu ya mwenzao kabla na baada ya kuzirudisha siku. Nikawaambia pia kwamba nilicheka pahali pasipostahili kicheko. Kisha nikawauliza wale watano ni nani kati yao aliyeyaona maji ya alfajiri kwa macho.

Wakatazamana. Mwisho mmoja, yule yule wa maji yaliyosahau kitu, akasimama. "Mwalimu, simu ya kaka ina maji yote mpaka Ramadhani. Sasa tukalowe kwa nini?"

Wenzake wakacheka, nami nikakiri kwamba ni swali la haki. Kusema kweli lilikuwa swali ambalo ningeliuliza mimi. Nilikuwa nikitafuta jibu ambalo si la mwalimu, na kabla sijalipata, sauti ikatoka benchi la nyuma.

"Hiyo simu haikai kwetu," akasema. "Kwetu maji yanachelewa. Njoo ulinganishe."

Hakunyoosha mkono. Alisema tu, kisha akainama kama aliyejiponza. Nikawapa kishikwambi wakaangalie wenyewe. Walichukua muda kuipata ile tofauti, wakabishana, mmoja akasema ni saa ya bibi yake iliyo mbele. Mwenzake akamjibu kwamba bibi hatumii saa, anatumia simu. Nilikaa mezani nikajizuia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufundisha. Darasa lilipotoka wote sita walikuwa wanagombania nani asimamishe ufito mdomoni mwa hori na nani ndani kabisa, wapime maji yanatembea kwa muda gani.

Yeye alikuwa wa mwisho kutoka. Akasimama mbele ya meza yangu na mkoba wake kifuani.

"Wewe Mwalimu, ushayaona?"

Nikamuuliza nini.

"Maji yakisimama, kabla hayajarudi."

Nilitaka kusema ndiyo. Nimezaliwa kisiwani, nimekulia Wete, maji nimeyaona kila siku. Lakini hakuuliza hivyo. Nikamwambia hapana.

Akafikiri. "Kesho, basi. Bibi ataniamsha, ukija mapema ukamkuta anaswali umsubiri."

Nilitoka Konde kungali giza na pikipiki ya jirani. Tulipofika pwani, mtoto mbele, mimi nyuma nimeshika viatu mkononi, mashariki palikuwa pameanza kupauka na maji yalikuwa yameshafika kwenye mizizi ya mikandaa. Alikuwa na ufito mpya. Nilidhani atautazama huo. Badala yake akachuma jani la mkandaa, akalitia majini karibu na ufito, akachuchumaa.

Jani lilikwenda taratibu kuelekea nchi kavu. Akalirudisha. Likaenda tena, polepole zaidi. Nikamuuliza nani alimfundisha hivyo. Akasema hakuna, ila alama hazisemi kweli kwa sababu ya mawimbi, na jani halidanganyi. Nikatoa simu niangalie saa, nikafungua daftari, nikaandaa kalamu.

"Sasa?" nikauliza.

"Bado."

Jua likachomoza nyuma ya mikandaa. Nilikuwa sijapata kuchuchumaa muda mrefu hivyo tangu utotoni, na miguu ilikuwa imekufa ganzi. Jani likasogea upana wa kidole.

"Sasa?"

"Bado, Mwalimu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ile akanicheka. "Wewe una haraka."

Nikaweka kalamu juu ya daftari. Tukalitazama pamoja.